Latitudo na Longitudo Bila Kupotea: Mwongozo Kamili kwa Mifano ya Tanga na Bagamoyo

Mtu anatuma namba mbili ili mzigo wake uletwe nyumbani Tanga. Mpokeaji anazibandika kwenye simu, na ramani inampeleka Ethiopia. Mwanafunzi anaulizwa Bagamoyo iko wapi, anaandika nyuzi 38 Kusini, nyuzi 6 Mashariki, na jibu lake linazama baharini kusini mwa Atlantiki. Nahodha anapewa alama ya mwamba, anafika hapo na kukuta maji matupu.

Makosa haya yanajirudia kila siku, na karibu yote yanatoka sehemu tatu: upande wa dunia haukutajwa, namba mbili zimegeuzwa nafasi, au dakika zimesomwa kama desimali. Mwongozo huu unayashughulikia hayo. Fanya kila hatua kwa mkono wako. Ukisoma tu bila kufanya, kesho utarudia kosa lile lile.

## Vifaa

- Chungwa moja, kubwa kiasi cha ngumi (la Muheza linafaa sana), na kalamu ya wino.
- Atlasi au ramani yoyote ya Tanzania yenye namba za latitudo na longitudo pembeni.
- Ukiweza kuipata, ramani ya topografia ya 1:50,000 (sentimita 1 ya karatasi ni mita 500 ardhini) ya eneo lako.
- Rula yenye milimita, penseli, kifutio, daftari.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.
- Simu yenye GPS. Bando halihitajiki ili kupata namba; linahitajika kupakia picha ya ramani.
- Fimbo iliyonyooka ya mita moja na uzi wenye jiwe, kwa hatua ya mwisho.

## Hatua ya 1: Chora Tanga kwenye chungwa

Shika chungwa kikonyo kikiwa juu. Kikonyo ni Ncha ya Kaskazini, kitako ni Ncha ya Kusini. Zungushia mstari katikati kabisa, kama mkanda kiunoni. Hiyo ni Ikweta, latitudo 0.

Sasa chora mstari mmoja kutoka kikonyo hadi kitako, upande unaokutazama. Huo ndio mstari wa Greenwich, longitudo 0.

Chungwa lenye kipenyo cha sentimita 8 lina mzingo wa sentimita 25 hivi. Kwa hiyo nyuzi 39 kwenda mashariki ni sentimita 2.7. Anzia pale mistari miwili inapokatana, pima kuelekea kulia ukifuata Ikweta, weka alama. Kutoka kwenye alama hiyo shuka nyuzi 5 kusini, yaani milimita 3 na nusu tu. Weka nukta. Hapo ndipo Tanga.

Umefaulu kama nukta iko chini kidogo ya mkanda, upande wa kulia. Ikiwa juu ya mkanda, umeiweka Kizio cha Kaskazini, na hilo ndilo kosa namba moja la mwongozo huu mzima.

Lingine la kuliona kwa macho: mstari wa latitudo unalala kutoka mashariki hadi magharibi, lakini kazi yake ni kupima umbali wa kwenda kaskazini au kusini mwa Ikweta. Wengi wanachanganyikiwa hapa kwa sababu wanaangalia mstari unaelekea wapi badala ya kuuliza unapima nini. Swali la latitudo ni "niko mbali kiasi gani na Ikweta?" Swali la longitudo ni "niko mbali kiasi gani na Greenwich?"

Ukimaliza, menya chungwa. Mipaka ya vipande vyake inakutana juu na chini, kama mistari ya longitudo inavyokutana kwenye ncha. Chungwa jingine ukilikata kwa upana, unapata visahani visivyokutana kamwe, vikubwa katikati na vidogo mwishoni. Hizo ni latitudo.

Latitudo haizidi 90. Longitudo haizidi 180.

## Hatua ya 2: Taja upande, kila mara

"5 na 39" si anwani. Kuna sehemu nne duniani zenye namba hizo, moja kwa kila pembe ya Ikweta na Greenwich. Pwani yetu yote ni Kusini na Mashariki.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Kaskazini na Kusini zote zinaanza na K. Mashariki na Magharibi zote zinaanza na M. Usifupishe kwa herufi moja hata siku moja. Andika Kas, Kus, Mash, Magh. Kwenye simu na mitambo utakutana na herufi za Kiingereza: N ni Kaskazini, S ni Kusini, E ni Mashariki, W ni Magharibi.

Programu nyingi hazitumii herufi kabisa. Zinatumia alama ya kutoa: Kusini ni hasi, Magharibi ni hasi. Kwa hiyo Tanga mjini inaandikwa:

-5.07, 39.10

Alama hiyo ndogo ya kutoa ndiyo inayopotea watu wanaponakili. Mtu akigusa namba ya kwanza ili kuichagua, mara nyingi simu inachukua tarakimu na kuacha alama. Angalia mwanzo wa namba kabla hujatuma.

## Hatua ya 3: Latitudo kwanza, longitudo baadaye

Kwenye ramani za simu, namba ya kwanza ni latitudo. Ukizigeuza, kwa mahali pengi duniani mashine ingekataa. Jakarta kwa mfano ina longitudo 106.8, na hakuna latitudo 106, kwa hiyo kosa linajitangaza lenyewe. Kwetu sivyo. 5 na 39 zote ziko chini ya 90, kwa hiyo mashine inakubali bila kunung'unika na kukupeleka kusikohusika. Hapa pwani lazima mkaguzi awe wewe.

Uzuri ni kwamba nchi uliyoangukia inakuambia umekosea wapi. Kwa namba za Tanga:

- Umefika kusini mwa Ethiopia (5.07, 39.10): umesahau alama ya kutoa kwenye latitudo.
- Umefika Hispania (39.10, -5.07): umegeuza namba.
- Umefika baharini, Mediterania (39.10, 5.07): umegeuza namba na kusahau alama ya kutoa.
- Umefika kaskazini mashariki mwa Brazili (-5.07, -39.10): umeweka alama ya kutoa kwenye zote mbili.

Nakili orodha hii uibandike ukutani. Karani wa mizigo, mwalimu wa jiografia na dereva wa bodaboda wote wataitumia.

Kosa dogo zaidi linakamatwa kwa mipaka. Ukiwa popote kwenye ukanda wa pwani kutoka Tanga mjini hadi Bagamoyo mjini, latitudo iko kati ya 5 na 6.5 Kus, na longitudo kati ya 38.7 na 39.2 Mash. Ukisoma 39.4 wakati umesimama Chumbageni, kuna tatizo: hiyo ni katikati ya Mkondo wa Pemba.

## Hatua ya 4: Jua ni aina gani ya namba uliyopewa

Hapa ndipo watu wanapotea kimyakimya. Ramani haiwapeleki Hispania, inawapeleka kilomita tano pembeni, na wanaamini wamefika.

Uzi mmoja una dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Dakika hizi hazihusiani na saa ya mkononi. Mahali pamoja panaweza kuandikwa kwa namna tatu, na zote ni sahihi:

1. Nyuzi, dakika, sekunde: 5°04′12″ Kus
2. Nyuzi na dakika zenye desimali: 5°04.200′ Kus
3. Nyuzi zenye desimali: 5.0700° Kus

Ya kwanza utaiona kwenye ramani za karatasi na vitabu vya shule. Ya pili iko kwenye vifaa vingi vya GPS vya vyomboni. Ya tatu iko kwenye simu.

Kutoka ya kwanza kwenda ya tatu. Gawanya dakika kwa 60. Gawanya sekunde kwa 3,600. Jumlisha na nyuzi.

4 ÷ 60 = 0.0667
12 ÷ 3,600 = 0.0033
5 + 0.0667 + 0.0033 = 5.0700

Kutoka ya tatu kwenda ya kwanza. Chukua Bagamoyo, 6.4333. Acha 6, zidisha 0.4333 kwa 60 upate 26. Jibu ni 6°26′ Kus. Longitudo yake 38.9: zidisha 0.9 kwa 60 upate 54. Jibu ni 38°54′ Mash. Kama baada ya dakika inabaki desimali, izidishe tena kwa 60 upate sekunde.

Umefaulu kama ukirudisha jibu lako kinyume unapata namba uliyoanza nayo.

Sasa angalia kosa lenyewe. Mtu ana 5°04′ Kus, 39°06′ Mash. Anaandika kwenye simu -5.04, 39.06. Inaonekana sawa kabisa. Lakini 04′ ni 0.067, si 0.04, na 06′ ni 0.10, si 0.06. Amekosea karibu kilomita 3 kaskazini-kusini na kilomita 4.4 mashariki-magharibi. Kwa jumla yuko zaidi ya kilomita 5 nje ya mahali. Mgonjwa anayesubiri gari hawezi kusubiri kilomita tano za kutafutana.

Kwa wavuvi kosa ni la aina yake. Umepewa mwamba uko 5°04.200′, ukauandika 5°04′20″. Kumbuka .200 ya dakika ni sekunde 12, si 20. Tofauti ya sekunde 8 ni kama mita 250, na kwenye maji hiyo inatosha kukosa mwamba, au kuupanda.

Dalili ya haraka: namba ya dakika au sekunde haiwezi kufika 60. Ukiona 5.74, hiyo ni desimali bila shaka. Ukiona 5.04 peke yake, uliza aliyekutumia. Usikisie.

Vipimo vya kukariri kwa pwani yetu, kwa kuwa tuko karibu sana na Ikweta na latitudo na longitudo zinakaribia kulingana:

- Uzi 1 ni kilomita 111 hivi.
- Dakika 1 ni kilomita 1.85, yaani maili moja ya bahari.
- Sekunde 1 ni mita 31.
- Tarakimu ya pili ya desimali ni kilomita 1.1; ya tatu ni mita 110; ya nne ni mita 11; ya tano ni mita 1.1.

Kwa hiyo andika tarakimu nne au tano baada ya nukta. Mbili zinakuacha mtaa wa pili. Saba au nane hazina maana, kwa sababu simu yenyewe haioni kwa usahihi huo.

Vipimo hivi vinakupa umbali papo hapo. Tanga iko 5°04′, Bagamoyo 6°26′. Tofauti ni 1°22′, yaani dakika 82. Mara 1.85 ni kilomita 152 kwa mstari ulionyooka kutoka kaskazini kwenda kusini. Ukipita Segera na Chalinze utatembea mbali zaidi ya hapo, lakini ndege na mashua hazipiti Segera.

## Hatua ya 5: Soma ramani ya karatasi

Ramani ya 1:50,000 inabeba dakika 15 kwa 15, na dakika zimewekwa alama pembeni. Dakika moja kwenye karatasi ni sentimita 3.7 hivi. Usiiamini namba hiyo moja kwa moja: karatasi iliyokaa kwenye unyevu wa pwani hutanuka, na nakala ya mashine hubadilisha ukubwa. Pima mwenyewe urefu wa dakika moja kwenye ramani uliyo nayo.

Unganisha kwa penseli alama za dakika zinazolizunguka eneo lako hadi upate kisanduku. Tuseme mstari wa juu ni 5°04′ na wa chini ni 5°05′. Nukta yako iko sentimita 1.5 chini ya mstari wa juu.

1.5 ÷ 3.7 × 60 = 24

Latitudo ni 5°04′24″ Kus.

Anza kupima juu kwenda chini. Kusini mwa Ikweta namba zinakua unaposhuka, lakini michoro mingi ya mafunzo imechorwa kwa nchi za Kaskazini, ambako namba zinakua unapopanda. Aliyezoea michoro hiyo anapima kutoka chini, anapata sentimita 2.2, anaandika 5°04′36″. Amehama karibu mita 370.

Longitudo ni rahisi: anzia mstari wa kushoto kwenda kulia, maana mashariki namba zinakua. Sentimita 2.0 kutoka 39°06′ ni sekunde 32, kwa hiyo 39°06′32″ Mash.

Ramani za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya kipimo cha dunia kiitwacho Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Mahali pamoja panapata namba tofauti kati ya viwili hivyo, tofauti ya takriban mita 300. Ukiona namba ya karatasi na ya simu zinatofautiana kwa kiasi hicho, na kila mara kuelekea upande ule ule, hujakosea kupima. Soma maandishi ya pembeni ya ramani uone imeandikwa kipimo gani, kisha kiandike kando ya namba zako.

## Hatua ya 6: Chukua namba kwa simu

Toka nje. GPS inahitaji kuziona setilaiti zisizopungua nne, na hazionekani chini ya bati wala katikati ya kuta nene za vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Chini ya mwembe mkubwa nukta itarukaruka. Sogea uwanjani.

Washa huduma ya mahali (Location) kwenye simu, fungua Google Maps au programu nyingine ya ramani, subiri dakika moja au mbili mpaka duara linaloizunguka nukta lipungue. Pahali pa wazi simu nzuri inafika usahihi wa mita 5 hivi. Ukiharakisha, unaweza kunakili mahali simu ilipokuwa mara ya mwisho.

Bonyeza na kushikilia kwenye nukta mpaka pini itokee. Namba mbili zitaonekana. Zinakili, kisha zikague kwa orodha ya Hatua ya 3.

Kama unakwenda kusiko na mtandao, pakua ramani ya eneo ukiwa bado mjini. GPS itaendelea kufanya kazi bila mtandao, ila bila ramani utaona nukta juu ya karatasi tupu.

Ukituma ujumbe, tuma hivi: "-5.0700, 39.1000 (5.0700 Kus, 39.1000 Mash), geti la bluu." Namba mara mbili, moja ya mashine na moja ya binadamu. Ukisoma kwa sauti kwenye simu, taja tarakimu moja moja: tano, nukta, sifuri, saba, sifuri, sifuri, Kusini. Aliye upande wa pili arudie yote kabla hujakata.

## Hatua ya 7: Namba ndefu za kiwanja

Ramani ya upimaji wa kiwanja mara nyingi haina nyuzi kabisa. Ina namba kama 511,000 na 9,439,000. Hizo ni mita, katika mfumo wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita badala ya nyuzi; pwani yetu iko kanda ya 37 Kusini. Usizibandike kwenye simu kama zilivyo. Tafuta programu ya kubadilisha, chagua kanda 37, chagua Kusini, na chagua kipimo kilichoandikwa kwenye ramani.

Katikati ya kanda hii ni longitudo 39, ambayo imepewa thamani ya mita 500,000. Ikweta imepewa 10,000,000 na namba inapungua ukienda kusini. Hapo una ukaguzi mzuri: Tanga mjini iko mashariki ya 39, kwa hiyo namba yake ya mashariki inazidi 500,000. Bagamoyo iko magharibi ya 39, kwa hiyo yake iko chini ya 500,000, karibu 489,000. Kiwanja cha Bagamoyo mjini chenye 511,000 kimeandikwa vibaya, au si cha Bagamoyo mjini.

## Hatua ya 8: Hakiki kwa jua

Hatua hii haitafuti nyumba ya mtu. Inathibitisha kwa mikono kwamba namba zina ukweli nyuma yake, na kwa darasa haina mfano wake.

Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa longitudo 45. Kila uzi magharibi ya hapo jua linachelewa dakika 4 za saa. Tanga iko nyuzi 5.9 magharibi, kwa hiyo jua linafika katikati ya mbingu saa 6:24 mchana kwa wastani.

Ndani ya mwaka jua linaachana na wastani huo hadi zaidi ya robo saa, kwa hiyo chagua siku ambazo karibu linalingana nao: karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba au 25 Desemba.

Simika fimbo uwanjani, inyooshe kwa uzi wenye jiwe. Asubuhi, kwenye saa tano, weka alama ncha ya kivuli na chora duara linalopita hapo, fimbo ikiwa katikati. Andika saa. Mchana kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena. Andika saa kinapoligusa duara mara ya pili. Ukipata 5:10 na 7:38, katikati yake ni 6:24. Dakika 24 ÷ 4 = 6. 45 − 6 = 39. Hiyo ndiyo longitudo yako.

Dakika moja ya kukosea saa ni robo ya uzi, karibu kilomita 28. Linganisha saa yako na simu kwanza, na usikisie pale kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, maana hapo hakionekani kusogea; ndiyo sababu tunatumia duara.

Kwa latitudo, subiri 7 au 8 Machi, karibu saa 6:35 mchana, au 6 Oktoba, karibu saa 6:12. Siku hizo jua linapita juu kabisa ya Tanga na fimbo iliyonyooka inabaki bila kivuli. Bagamoyo, kwa kuwa iko zaidi ya uzi mmoja kusini, inapata siku yake karibu na 4 Machi na 9 Oktoba. Fimbo ikiwa na kivuli siku hiyo, chunguza kwanza kama imesimama wima.